Sijajibu

"Mkono gani unashonea?" Idd aliuliza.

Sefu alibaki na uzi mdomoni. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka la nguo la Pradip, mtaa wa maduka, Kisumu, na mafundi wenzake walikuwa wameshainuka na kujifanya wanatafuta kivuli kwingine. Kila mtu mjini alimjua Idd. Alikuwa nyapara wa wachukuzi gatini, na kiboko chake kilijulikana kuliko jina lake.

"Nimekuuliza, Fundi. Mkono gani?"

"Wa kulia," Sefu alisema kwa sauti ndogo.

"Lete."

Na huyo mjinga akautoa. Namwita mjinga kwa mapenzi tu, maana Sefu ndivyo alivyokuwa: ukimwambia kaa, anakaa, ukimwambia lete mkono, analeta. Idd aliulaza juu ya meza ya cherehani, akainua pasi ya mkaa iliyokuwa pembeni, akaishusha juu ya vidole. Akaishusha tena. Makaa yakamwagikia kanzu ya mtu iliyokuwa bado haijatiwa mikono. Sefu alipiga yowe, akaanguka chini ya meza na kutapika.

"Ukiongea tena na dada yangu kwa hiyo dirisha, nitarudi na panga," Idd alisema. "Yule iko na mwenyewe."

Nyuma ya dirisha la nondo, ndani kwa Kokila mke wa Pradip, Rehma alikuwa ameshika shati na sindano. Aliona yote. Alifungua mdomo amwite kaka yake, sauti ikagoma. Alikuwa hivyo tangu utoto. Watu wa mtaa wao wa Kaloleni walisema mtoto huyo ameumbwa nusu, mdomo umesahauliwa.

Sasa mtauliza, mwanamke asiyeongea aliongeaje na fundi hadi fundi akavunjwa vidole? Kosa ni la kitabu.

Rehma alikuwa akienda kwa Kokila kutia matundu ya vifungo kwenye mashati ya duka. Kokila alikuwa na hadithi moja ndefu ya Kigujarati, ilikuja kwa meli pamoja na majora ya nguo. Wakati Rehma anashona, Kokila alikuwa akisoma kurasa mbili tatu kimoyomoyo, kisha anaigeuza kwa Kiswahili chake. Ilikuwa habari ya msichana aitwaye Lata, mwenye haya za kujificha nyuma ya mitungi wageni wakija. Akaolewa nyumba ambayo mama mkwe anafinya na mume anapiga. Nusu ya kitabu Lata hasemi neno. Halafu siku moja akaulizwa kama ameshiba, akasema hapana. Hapana tu, na nyumba nzima ikasimama. Baadaye akadai ufunguo wa ghala. Baadaye akashika fimbo ya mume ikiwa hewani. Mwishowe, alfajiri moja, akafunga nguo zake kwenye shuka, akashika kitasa cha mlango, na mume akaita kutoka chumbani: "Lata, unakwenda wapi?"

Kokila akafunga kitabu.

"Imeisha," alisema.

"Haijaisha, Mama," Rehma alisema. "Geuza ukurasa."

"Ukurasa hakuna. Angalia mwenyewe. Nyuma ni tangazo ya mafuta ya nywele."

Nje cherehani ikasimama. Ndipo sauti ya mwanamume ikapita kwenye nondo, pole pole, ya mtu asiyezoea kusikika.

"Alirudi ndani."

Rehma aligeuka. Siku nyingine angejifunika ushungi na kunyamaza, lakini hapa aliguswa Lata.

"Hakurudi."

"Ameitwa na mume wake. Mtu mwenye haya akiitwa, anaitika."

"Lata wa mwanzo ndiye angeitika. Huyu wa mwisho ameshika fimbo ikiwa hewani. Wewe ulikuwa unasikiliza au ulikuwa unashona?"

"Nilikuwa nasikiliza," Sefu alisema. "Nimeshonea mkono wa shati kwenye kola."

Kokila alicheka hadi akashika mbavu. Rehma naye alicheka, na hicho ndicho kicheko kilichomponza Sefu, kwa sababu tangu hapo hakutaka kusikia kingine. Ikawa desturi yao. Rehma akifika, Sefu anaanza: alirudi. Rehma anajibu: hakurudi. Mwanamke anakwenda wapi na shuka moja? Anakwenda asikopigwa. Mwandishi amekuwa mwoga wa kumaliza. Mwandishi si mwoga, ametuachia sisi. Neno mapenzi halikutajwa hata mara moja. Lakini wambea wa Kisumu hawahitaji kutajiwa neno, na habari ikamfikia Idd gatini kabla Sefu mwenyewe hajajua kwamba anapenda.

*

Baada ya kumvunja Sefu vidole, Idd alikwenda nyumbani. Rehma alimfuata, maana aende wapi. Mlango ulipofungwa tu, kiboko kikaanza.

Shangazi yao Kadija, aliyewalea baada ya wazazi kufa, aliingia katikati. Idd akamsukuma, akagonga ukuta.

"Muache, Idd. Utaua mtoto wa mama yako."

"Ameniaibisha."

"Kwa kuzungumza habari ya kitabu?"

"Anaolewa na Mabruki. Mnataka Mabruki asikie anachekacheka na fundi?"

Kiboko kilichana gauni, kikafika mgongoni, kikaendelea. Rehma hakulia. Aliinama, akashika mguu wa kitanda, na damu ikashuka hadi kiunoni. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Idd ilibidi asimamishe mkono ili aisikie.

"Kwa nini Mabruki, kaka?"

Swali lilikuwa na haki yake. Mabruki alikuwa nyapara mwenzake Idd. Mke wake wa kwanza alikimbilia kwa ndugu zake Kisian na taya limevunjika, na hadi leo anakunywa uji tu.

Idd alitupa kiboko kando. Halafu, jambo ambalo Rehma hakuwahi kuliona, kaka yake akaketi sakafuni na kujikunyata.

"Unamkumbuka Owiti?" alisema. "Yule mchukuzi wa Ahero."

"Aliyeliwa na mamba?"

"Hakuna mamba. Aliangusha mzigo, nikampiga. Nikapiga, nikapiga, yeye hakuamka. Mabruki ndiye alimfunga jiwe, tukamtosa ziwani. Sasa anakutaka wewe. Nikimnyima, anakwenda polisi. Nitanyongwa, Rehma."

Shangazi Kadija alishika kichwa. Rehma aliinuka taratibu.

"Yule mama anayekaa chini pale gatini," alisema, "anayeuliza kila meli ikifika kama kuna mtu ameona mwili."

"Ni mama yake."

"Anatoka Ahero kwa miguu?"

"Usiniulize hayo." Idd alifuta uso. "Mimi sikuombi kitu kikubwa. Hata ndiyo sikuombi. Wewe ni mwanamwali. Maalim atakuja na mashahidi mlangoni, atakuuliza, utanyamaza kama kawaida yako. Kimya cha mwanamwali ni idhini yake. Umenyamaza maisha yako yote. Nyamaza mara hii moja, niishi."

*

Rehma alirudi kwa Kokila kupeleka mashati yaliyokwisha. Alikaa upande upande, mgongo usiguse kiti. Kokila aliinua ushungi wake, akaona, akaushusha.

"Mama," Rehma alisema, "kama mume wa Lata angekufa kwa sababu Lata ameondoka, mwandishi angefanya nini?"

"Hiyo haiko kwa kitabu."

"Najua haiko. Ingekuwako?"

 Kokila alikuwa amezoea kusema Lata amerudi, wote wanarudi, na kucheka. Safari hii hakucheka.

"Mimi nilishika kitasa," alisema. "Kule kwetu, siku ya kuletwa Afrika kwa mtu sijamuona. Baba akaita jina yangu. Nikarudi. Pradip ni mtu mzuri, hajanipiga hata siku moja. Lakini ile siku nani alijua atakuwa mzuri? Hakuna. Mimi nilicheza bahati, nikashinda."

"Unajuta?"

"Hata sijui. Naishi vizuri na sijui. Ndiyo maana nasoma hiyo kitabu kila mwaka, na kila mwaka nafika mwisho nakasirika."

 Sefu alikuwapo nje ya dirisha, mkono wa kulia umefungwa vitambaa, ule wa kushoto ukijaribu kuzungusha gurudumu la cherehani.

"Rehma," aliita, bila kugeuza uso. "Nimefikiri. Labda Lata alirudi kwa sababu nje hakukuwa na mtu anamngoja."

Rehma alisogea hadi kwenye nondo.

"Na mimi nikitoka, wewe utakuwa nje?"

Jamani, hapo ndipo mwanamume anaposema. Hata mbuzi angesema. Sefu alitazama vidole vyake, akatazama barabara kama Idd anakuja, midomo ikacheza bila neno. Rehma alingoja kadiri heshima ilivyomruhusu. Kisha akachukua kapu lake na kuondoka, na njiani alilia kwa hasira, akijua kwamba yule mtu ni mwoga na kwamba anampenda hivyo hivyo.

*

Nikahi ilipangwa iwe baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa Idd. Wanaume walijaa uani juu ya mikeka. Mabruki alikaa mbele, kanzu nyeupe, jambia kiunoni, anachekea kila mtu. Wanawake walimzunguka Rehma chumbani. Wangapi waliona alama shingoni mwake? Wote. Walimpaka hina.

Maalim Zubeir alikuja hadi kwenye pazia la mlango pamoja na mashahidi wawili. Idd alisimama nyuma yao, uso umemkauka.

"Binti Rehma," Maalim alisema, "kaka yako ambaye ndiye walii wako, msimamizi wa ndoa yako, anataka kukuoza kwa Mabruki bin Salim, kwa mahari mliyopatana. Umeridhia?"

Rehma alitazama sakafu. Akilini alimwona Idd akimlisha alipokuwa mdogo, ugali anaupuliza kwanza usimuunguze. Alimwona yule mama wa Ahero, miguu mitupu, ameketi kwenye mawe ya gati. Maalim akauliza tena.  Akauliza mara ya mwisho, akangoja, akaitikia kwa kichwa, na mwanamke mmoja akaanza kigelegele.

Maalim alishageuka.

"Sijajibu," Rehma alisema.

Kigelegele kilikatika.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Nimesema sijajibu."

Maalim alirudi kwenye pazia. Alikuwa mtu mpole asiyependa misukosuko. "Mwanamwali akinyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Huko ni kunyamaza kwa haya, Maalim. Mimi nimenyamaza kwa sababu nimepigwa. Shangazi, wafunulie mashahidi mgongo wangu. Kwa kimya hiki mlifundishwa nini?"

Kadija alifunua. Shahidi mmoja alitazama pembeni. Maalim Zubeir hakutazama pembeni, na kwa hilo nampa heshima yake.

"Kimya cha hofu si idhini," alisema.

"Basi nasema sikubali."

"Rehma." Idd alikuwa ameshika mwimo wa mlango. "Unajua unanifanya nini?"

"Najua, kaka. Nisamehe. Nimejaribu kunyamaza na nimeshindwa."

Mabruki alikuwa ameshaingia, akawasukuma Maalim na mashahidi kama mizigo ya gatini.

"Anasema nini huyu? Mimi mtu wa kukataliwa mbele ya watu?" Aligeukia uani, akapaza sauti. "Basi sikieni. Idd aliua mtu. Owiti wa Ahero, alimpiga mpaka akakufa. Mimi mwenyewe nilimfunga jiwe. Mimi nilimtupa. Muulizeni huyu shemeji kama nasema uongo."

Mpumbavu alijifunga na jiwe lile lile. Uani watu waliinuka, mikeka ikapinduka. Mabruki, alipoona macho yote yamemgeukia yeye, alichomoa jambia na kumwendea Rehma.

Wanawake walikimbia. Rehma alirudi nyuma hadi ukutani. Jambia lilipita kwenye bega lake, likachana ngozi, likainuliwa tena. Na hapo mtu akaingia kwa mbio, kikumbo kwenye pazia, pazia lote likashuka naye. Alikuwa Sefu. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kichochoroni, hakualikwa, haingii, haondoki. Aliposikia neno sijajibu alisogea hadi mlangoni, na aliposikia makelele hakujiuliza kitu.

Alidaka ubapa wa jambia kwa mkono wa kulia.

Vitambaa vilikatika, na nyama chini yake. Alishikilia. Mabruki alivuta, Sefu akaenda naye, wakaanguka juu ya sinia la hina, na Mabruki akampiga uso kwa ngumi mpaka jino likatoka.

"Achia."

"Siachii," Sefu alisema, damu mdomoni. "Mkono huu ulikuwa umeharibika tayari."

Idd alitoka jikoni na mchi wa kinu. Kila mtu alidhani anakwenda kummaliza Sefu. Aliuinua kwa mikono miwili na kuushusha kwenye goti la Mabruki. Sauti ya mfupa ilisikika hadi uani. Mabruki alilia kama mtoto, na jambia likabaki mkononi mwa Sefu.

Idd akauinua mchi tena, juu ya kichwa sasa.

"Kaka," Rehma alisema. "Basi."

Mchi ulibaki juu kwa muda. Kisha Idd akauweka chini, akaketi sakafuni, akamwambia Maalim, "Nenda kawaite polisi. Mimi nipo hapa."

*

Idd hakunyongwa. Jaji alisema hakukusudia kuua, akampa miaka saba na kazi ngumu. Mabruki naye alifungwa, akaingia jela kwa magongo. Mwili wa Owiti haukupatikana, kwa hiyo mama yake alizika tunda la mti wa yago mahali pa mwanawe, kama Wajaluo wanavyofanya maiti ikipotea. Rehma na Kadija walikwenda Ahero kwenye kilio hicho. Hawakufukuzwa, wala hawakusalimiwa. Walikaa pembeni mpaka mwisho.

Kisha Sefu akamtuma Maalim kuposa. Maalim akakuna kidevu.

"Walii wako bado ni Idd," alimwambia Rehma. "Kufungwa hakumwondoi. Lazima anifanye wakili wake kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo nikuoze."

Wakaenda jela, Rehma, Maalim na shahidi. Idd aliletwa kwenye wavu, kichwa kimenyolewa, minyororo miguuni. Askari wa zamu alisimama karibu.

"Muongee haraka, Mama," askari alisema. "Ni dakika kidogo tu."

"Kaka, unakula?"

"Nakula."

"Mgongo?"

"Wanatupiga kidogo." Idd alicheka bila furaha. "Sasa najua inauma namna gani."

Maalim akaeleza haja yao. Idd alisikiliza akitazama mikono yake. Hakujibu. Maalim akarudia. Idd akanyamaza.

"Nyinyi si mnajua kunisoma," hatimaye alisema. "Kimya si kinatosha?"

"Kimya cha mwanamwali," Maalim alisema. "Cha walii hakifai kitu. Lazima useme."

"Hata kama naona aibu?"

"Hasa hapo, kaka," Rehma alisema.

Idd alishika wavu. Machozi yalimtoka bila kuyafuta.

"Mimi nilimvunja mkono," alisema. "Nimpe nani dada yangu kama si yeye? Maalim, nakufanya wakili wangu. Muoze Rehma kwa Sefu fundi. Na mwambie..." Alishindwa. Askari akamgusa bega, akaongozwa ndani, minyororo ikiburuzika.

Nje ya geti, Sefu alikuwa akingoja juani, kofia mkononi. Wafungwa walikuwa wakivunja mawe kando ya barabara. Wanawake waliokuja kuona waume zao walipanga foleni ukutani.

"Amesema nini?" Sefu aliuliza.

"Amekubali."

Sefu alivuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi twende."

Rehma hakusogea.

"Maalim ameniuliza. Shangazi ameniuliza. Kaka amesema na minyororo miguuni. Kuna mtu mmoja tu sijamsikia."

"Nani?"

"Wewe, Sefu. Umevunjwa mkono, umekatwa, umeng'olewa jino. Yote hayo nimeyaona kwa macho. Lakini neno sijasikia. Nilikuuliza dirishani kama utakuwa nje, ukatazama barabara."

"Nilikuja."

"Ulikuja, na Mungu akulipe. Sasa sema. Siolewi na kimya, hata kiwe chako."

Sefu alitazama foleni ya wanawake. Alimtazama Maalim, na Maalim akajishughulisha na tasbihi yake. Jasho lilimtoka. Kwake hili lilikuwa gumu kuliko jambia.

"Nakupenda," alisema.

"Hao wa nyuma hawajasikia."

"Nakupenda, Rehma." Sauti ilimtoka yote, hadi nyundo za mawe zikasimama. "Nimekupenda tangu siku uliponibishia. Mimi naogopa watu. Naogopa huyu askari, namuogopa hata Maalim. Ukiniuliza dirishani leo, nitasema nitakuwa nje, na nikichelewa unisubiri, nakuja. Nataka nikuoe. Unanitaka?"

Askari wa geti aliegemea bunduki yake.

"Mama, umesikia," alisema. "Jibu basi, mimi nataka kufunga hii geti."

"Ndiyo," Rehma alisema, kwa sauti iliyovuka ukuta wa jela, na ndani, mtu mmoja mwenye minyororo akaisikia.